Mto, Mgeni na Mchungaji

Suali limeletwa darasani kwetu, nalo lastahiki jibu: je, ni haki kutenga ardhi ya kando ya mto kwa ajili ya wanyama wa mwitu na wageni wajao kutazama na kupumzika, ilhali jirani yake yupo mchungaji ambaye mifugo yake yafa kwa kiu? Suali hili si la dhana tupu. Sisi wa Isiolo latukabili kila ukame ujapo.

Atokaye mjini kwetu kuelekea Archers Post hufika, kabla ya kuvuka mto Ewaso Ng'iro, katika hifadhi ya Buffalo Springs. Ng'ambo ya pili ni Samburu, na upande wa mashariki ni Shaba. Huko mikoma imesimama ukingoni, na chemchemi safi zabubujika katikati ya nchi kavu. Wamo punda milia wa Grevy wenye milia myembamba, ambao wengi wa waliosalia duniani wako kaskazini mwa Kenya. Wamo choroa, na swala twiga asimamaye kwa miguu ya nyuma ili ayafikie majani. Hapatembelewi ovyo kwa miguu, kwani mna simba, tembo na mamba. Lakini akaaye kimya kivulini saa moja tu hurudi na moyo usiokuwa ule aliokwenda nao.

Wako wasemao kwamba matembezi ya namna hii ni upuuzi na kupoteza wakati. Hatuafikiani nao. Qur'ani yatutaka tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, na mwenye kutazama kwa mazingatio hapotezi wakati wake. Lakini wako na wengine wasemao kwamba maadamu mgeni alipa fedha, basi mchungaji na aondoke, pasiwe na maneno. Hawa nao tunawapinga. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na watu wa Merti na Garba Tula wakaona mali yao ikianguka mmoja mmoja. Kwa watu hao mto si mandhari, ni uhai.

Basi haki iko wapi? Sharia haikuliacha jambo hili gizani. Zama za ujahili wakubwa wa Kiarabu walikuwa wakijitengea malisho bora na kuwazuia wengine. Bwana Mtume (s.a.w.) aliiondoa desturi hiyo, hakuacha hima ila iliyo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, nayo wanavyuoni wameifahamu kuwa ni ile ya maslaha ya wote. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka mtu wa kulinda hima, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri, hata wakiwa ni masahaba wakubwa. Sababu yake ilikuwa wazi: tajiri akifiwa na mifugo anayo mashamba na mitende ya kurejea, maskini akifiwa atakuja mlangoni na watoto wake wakilia.

Katika agizo hilo tunapata mambo mawili. La kwanza, kutenga ardhi na kuilinda ni halali. La pili, mizani ya haki ya lango ni yule dhaifu asimamaye nje yake. Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Waborana wa Waso, katika mabaraza yao ya dedha, wameweka akiba ya malisho ya kiangazi, na kuamua nani ayaingie na lini. Hifadhi isiyowashauri wazee hao imejinyima elimu iliyo mlangoni pake.

Liko na jambo la tatu ambalo wengi hawaliangalii. Mgeni na mchungaji hushindania maji yaliyokwisha kupunguzwa kabla hayajawafikia. Ewaso Ng'iro hupata maji yake katika miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, na njiani huchotwa kumwagilia mashamba ya mboga na maua. Kiangazi kikizidi, mto hukauka kabla ya kufika kwenye kinamasi cha Lorian. Mzozo kama huo ulipelekwa mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.) baina ya Zubeir na jirani yake, na hukumu ikawa kwamba wa juu anyweshe shamba lake kwa kadiri, kisha amwachilie wa chini. Wa juu ana haki ya kutangulia; hana haki ya kumaliza.

Kwa hivyo jibu letu ni hili. Hifadhi ibaki, kwani mto uliovuliwa miti yake hautamfaa mchungaji wala mnyama. Pato la lango liwafikie wanaoishi nje yake kwa visima, shule na dawa. Siku ya ukame mkali, mwenye mbuzi kumi asipimwe sawa na mwenye ng'ombe mia tano aliyemwajiri mchungaji. Na mgeni aliyepumzika kivulini ajue kwamba utulivu ule una wenyewe waliougharimia kwa subira yao. Basi akirudi mjini awe shahidi wao, aulize maji yamekwenda wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutazama na kuzingatia, kisha kutenda uadilifu. Amin.