Risiti ya Majani Chai na Mtihani wa Gredi ya 9

Msikilizaji wa Kericho na Bomet, chai iko mezani, na mwanao wa Gredi ya 9 labda bado anasaka soksi ya pili.

KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi mlango wa sekondari ya juu ni KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 ulioanza 2025. Huchangia asilimia 60 ya alama za kupangiwa shule. KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6, ina 20, na tathmini za shuleni 20. Kwa hiyo anayengoja muhula wa tatu ndipo afungue kitabu, sehemu ya alama zake zilishaandikwa zamani.

Basi tuanze maandalizi na ufahamu: hapo wengi huponzwa na haraka. Pitia maswali, soma kifungu, kisha rudi ulitafute jibu pale lilipo. Swali likisema "kwa mujibu wa kifungu", maoni yako hayahitajiki, hata yawe matamu vipi.

Hisabati, nayo, iko kwenye kituo cha kununulia chai. Mzazi, mpe mtoto risiti. Tuseme mmepeleka kilo 18 Jumatatu, 23 Jumatano na 19 Ijumaa. Jumla ni 60. Kwa shilingi 25 kila kilo, ni 1,500. Hayo atayamaliza akitafuna mandazi. Sasa muulize: majani ya Jumatano ni asilimia ngapi ya wiki nzima? Hapo kalamu itasita. Jibu, mzazi, ni 38 na theluthi moja, lakini usilitaje kabla hajaandika hatua zote.