Nyumba Usiyolala Ndani



Kila mwaka, ifikapo Kwaresima au Noeli, mitaa yetu mingi hupeleka sadaka kwa wazee wanaotunzwa katika makazi. Twapeleka sukari, sabuni, mchele na vitenge. Kwaya huimba, padre huomba, kisha twarudi nyumbani na mioyo myepesi. Jambo hili ni jema, na lisikome. Lakini liko swali moja ambalo haliingii katika vikapu vyetu. Paa la nyumba wanamolala wazee hao likivuja, sakafu ikipasuka, bawaba ya mlango ikikatika, je, kutengeneza ni hisani, au ni deni? Mimi nasema ni deni, na ningependa tufikiri pamoja kwa nini.

Kwanza tuwajue wanaoishi humo. Hapa kwetu Tanzania serikali inayo makazi ya wazee mahali pengi: Nunge huko Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Njoro huko Moshi, Kolandoto karibu na Shinyanga, Bukumbi katika Misungwi, na kwingineko, na Unguja yako ya Sebleni na Welezo. Baadhi yake, kama Nunge na Bukumbi, yalianza kwa kuwatunza wenye ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka mzee atunzwe kwanza na jamaa yake, na makazi yawe njia ya mwisho. Basi aliyefika humo ni yule ambaye njia nyingine zimekwisha: hana mtoto, au watoto wamemtangulia kaburini, au alikwenda kutafuta kazi mbali akazeekea ugenini, au alifukuzwa kijijini kwa kusingiziwa uchawi.

Mzee huyu alipokuwa kwake, paa likivuja alipanda juu mwenyewe, au alimwita kijana wa jirani akamlipa kuku. Pengine nyumba yake ilikuwa duni, lakini ilikuwa chini ya mkono wake. Akiingia katika makazi, mkono huo haufiki tena. Hawezi kupiga msumari ukutani bila ruhusa, wala kuchagua bati, wala kumwachisha kazi fundi mvivu. Sisi tuliompokea, serikali na jamii yote, tumechukua pamoja naye uwezo wake wa kujitengenezea. Achukuaye uwezo wa mtu huchukua na wajibu wake. Hisani yaweza kungoja Noeli, deni halingoji.

Wako watakaosema, "Mzee huyu amelala nyumba ya udongo maisha yake yote. Ufa mdogo sakafuni utamdhuru nini?" Utamdhuru sana, kwa maana mwili wake si ule wa zamani. Kijana akijikwaa huinuka na kucheka. Bibi wa miaka themanini akianguka bafuni aweza kuvunjika nyonga, na wengi hawatembei tena baada ya hapo. Macho ya mzee huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko ya kijana, kwa hiyo taa iliyoungua ukumbini si jambo la kesho. Magoti yake hayawezi kuchutama, kwa hiyo choo cha kukalia na chuma cha kushikia si anasa. Choo kikiwa mbali, na njia yake ikiwa ya giza, wako wazee wanaoacha kunywa maji tangu alasiri ili wasilazimike kutoka usiku. Mgeni hatayaona hayo. Atamwona mzee mnyamavu mwenye midomo mikavu, adhani ni uzee tu.

Na mtu aliyepatwa na ukoma, hata akiisha kupona, mara nyingi hana hisia katika nyayo. Msumari uliochomoza, au ukingo wa saruji iliyovunjika, humchoma asijue, mpaka kidonda kimeingia ndani. Kwa mtu wa namna hii sakafu laini ni dawa sawasawa na ile itokayo zahanati.

Hata hivyo, tujihadhari na usalama wa uongo. Uko usalama unaotafutwa kwa kufuli: milango hufungwa usiku ili wazee wasitoke wakaanguka, na moto ukitokea hawana pa kupita. Tena wako wasimamizi wanaoondoa kila kitu chumbani, kigoda, sanduku, picha ukutani, ili pafagike kwa urahisi. Usalama wa mzee si usalama wa mbuzi zizini. Mtu anahitaji mlango anaoweza kuufungua, sanduku lenye ufunguo wake mwenyewe, na mahali pa kuketi kizingitini awaone wapitao. Nyumba isiyo na hayo ni ghala, hata kama rangi yake ni mpya.

Liko neno jingine lisemwalo, nalo ni zito zaidi: kwamba makazi haya si desturi yetu, kwamba watoto ndio wapaswao kuwatunza wazazi wao, na tukiyapendezesha tutawafundisha watoto kuwatupa wazee. Naiheshimu hofu hii. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haijafutwa. Lakini tutazame ni nani anayeadhibiwa paa likiachwa livuje. Mtoto mtoro yuko mbali, amelala pakavu. Anayelowa ni mama yake. Haki haiwezi kuwa kumwadhibu aliyetupwa ili aliyemtupa apate fundisho.

Torati inalo agizo ambalo hatulihubiri mara nyingi, katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za siku zile zilikuwa na mapaa bapa, na watu walikaa juu yake. Ajengaye nyumba mpya aliamriwa azungushe ukuta mdogo huko juu, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalieni mambo mawili. Agizo latimizwa kabla ya ajali, si baada yake. Wala haliulizi kama aangukaye alikuwa mzembe. Wajibu uko kwa mwenye nyumba.

Nasi twapenda zaidi kujenga kuliko kutunza. Siku ya kuweka jiwe la msingi wageni huja na picha hupigwa. Siku ya kuzibua mfereji hakuna anayealikwa. Lakini nyumba haiwi nzuri kwa siku ile moja. Huwa nzuri kwa siku elfu za nyundo, ufagio na chokaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nyumba ya wazee ukuta huo waweza kugharimu maisha ya mtu.

Tufanye nini basi? Katika mtaa wetu wako waashi, maseremala na mafundi wa umeme, na baadhi yao hawana cha kutia kikapuni. Siku yao moja kwa mwezi, kwa kibali cha mkuu wa makazi, ni sadaka kubwa. Liwepo daftari la matengenezo, liandikwe lililoharibika, tarehe, na nani atalitengeneza. Na Umoja wa Mama waliulizie waendapo kutembelea. Nasi tuendapo, tusiketi kwenye viti vya wageni tu. Tuketi kitandani, tuende chooni kwa njia ile wanayopita wao, tuwaulize wazee wenyewe kabla ya kuwauliza wakubwa. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wao wanalala ndani, nao wanaijua. Mara nyingi hawasemi kwa sababu wanaogopa kuonekana wasio na shukrani.

Tuwaondolee hofu hiyo. Mtu hashukuru kwa kulipwa deni lake, wala halazimiki kunyamaza anapolidai.