Haki ya Asiyezaliwa

Henry Vaughan, tajiri wa London aliyefariki mwaka 1899, aliwausia watu wa Dublin picha 31 za rangi za maji, kazi ya mkono wa mchoraji J. M. W. Turner, na watu wa Edinburgh akawausia 38, kwa sharti kwamba zionyeshwe zote pamoja, bila ya malipo, katika mwezi wa Januari, ambapo jua la nchi zile huwa dhaifu kabisa. Na hata leo sharti hilo hufuatwa, milima na maziwa na bahari alizozisawiri Turner zikakaa gizani miezi 11, zikadhihiri mmoja.

Hadhari hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1888 wataalamu wawili wa Uingereza, Russell na Abney, walitoa ripoti juu ya athari ya nuru kwa rangi za maji, wakabainisha kuwa nyingi hufifia, na nili ni miongoni mwazo. Basi mbingu iliyopakwa nili juu ya wekundu wa udongo hupoteza buluu yake, ikasalia na machweo ambayo mchoraji hakuyakusudia, wala hapana fundi awezaye kuirejesha.

Hapa ndipo penye mas'ala. Sisi wa pwani twazijua mali za wakfu: shamba la minazi huwekwa wakfu, mafukara wakala nazi, na minazi ikabaki kwa watakaofuata. Lakini karatasi ya Turner haina tunda lililo mbali na shina, kwa kuwa nuru ile ile iletayo sura yake machoni ndiyo iifutayo. Je, msafiri afikaye Julai akazikosa amedhulumiwa? Naamini hakudhulumiwa, maana haki yake ni sawa na haki ya asiyezaliwa, ambaye hana ulimi wa kuidai, na mwenye kushika amana yampasa kumsemea asiyekuwapo kabla ya kumridhisha aliyebisha hodi.

Wako wasemao kwamba uzuri usioonwa ni kama haupo, na hoja yao ina uzito, kwani kila kizazi kikimwekea ajaye, hatatokea hata mmoja wa kuona. Vaughan hakuyafikisha mambo huko. Alijua kuwa hata nuru ya Januari hula rangi kidogo, akaridhia, ila akaiwekea hasara hiyo mpaka. Na mpaka huo makumbusho ya leo huupima kwa luksi, yaani kipimo cha nuru, aghalabu 50, huku walinzi wake wakifahamu fika kwamba hata luksi 50 haziachi kufuta.