Kopo la Kimbo

Jumapili iliyopita, wakati wa chai baada ya ibada, mama mmoja alileta maandazi ndani ya kopo kuukuu la Kimbo. Maandazi hayakuongelewa. Sisi tuliovuka miaka arobaini tulilizunguka lile kopo tukaanza kutajiana: Omo, Blue Band, viatu vya Bata vya kufungulia shule, matangazo ya Sauti ya Kenya ambayo hadi leo tunayaimba bila kukosea neno. Watoto wetu walichukua andazi mojamoja wakaenda zao.

Tangu siku hiyo najiuliza, wapendwa, tulikuwa tunalilia nini? Kimbo ilishatoka mikononi mwa Unilever ikaenda kwa Bidco ya Thika. Mwaka 2018 Unilever iliuza na biashara yake ya majarini, Blue Band ikiwemo. Wenye majina waliyauza bila chozi. Sisi wa ughaibuni ndio tumebaki na matanga.

Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari Basel, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, akaupa jina ugonjwa wa Waswisi walioishi mbali na kwao. Tiba aliyoiamini ni mgonjwa kurudishwa nyumbani. Hakuwa na shaka kwamba nyumbani kupo. Mimi ninayo, kwa sababu nilimpigia mama simu.

“Mama, unaikumbuka Kimbo yetu?”

Akacheka. “Yetu ya wapi, mwanangu? Tulinunua ya kupimiwa, kwenye karatasi. Kopo tulimwomba mwenye duka lilipoisha.”

Ni kweli. Kopo letu lilikuja tupu. Lilipimia mahindi, lilipotoboka likapandwa ua. Ile familia niliyozoea kuwasimulia wanangu, yenye sufuria zinazong'aa na mama anayetabasamu mezani, ilitoka kwenye tangazo. Haikuwa kwetu.

Waisraeli jangwani walikumbuka samaki na matango ya Misri (Hesabu 11). Hawakudanganya, samaki walikuwapo. Ila katika kumbukumbu hiyo matofali hayamo. Na mimi hapo ndipo ninapoona kosa langu: mama wa tangazo hakuwahi kuchuuza sukuma wiki ili apate mafuta ya siku moja. Wangu alichuuza. Nikiwapa wanangu yule wa tangazo, nimewanyima nyanya yao.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi, maana nyimbo zile tulizisikia kwenye redio ya jirani, mlango wazi, watoto wa nyumba nne sakafuni. Furaha ile hakuna kampuni iliyoilipia.

Maandazi yalipoisha niliomba kopo. Binti yangu akauliza garini, “Baba, hiyo ni ya nini?” Nikaanzia kwenye karatasi ya mwenye duka.