Kamba Imefungwa Wapi?

Wasomaji wetu wa Geita, Nyarugusu, Kahama na vijiji vya Shinyanga hawahitaji kuelezwa namna mtu ashukavyo ndani ya duara. Gogo limelazwa juu ya kinywa cha shimo, kamba imezungushwa juu yake, na kijana mwenye taa kichwani hujiachilia gizani huku wenzake wakishika upande wa pili. Akiisha kushuka haoni tena gogo wala fundo. Uhai wake umebaki juu, mikononi mwa watu wengine. Juu ya gogo hilo na fundo hilo twataka kusema leo, maana twaona kwamba ni jambo la dhamiri, wala si la mafundi peke yao.

Misiba mikubwa ya migodi yetu yajulikana. Mwaka 2015 mashimo ya Nyangarata, wilayani Kahama, yalititia, na wanaume watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao wa sita alikuwa amekwisha kufa. Januari 2017 watu 15 walifukiwa mkoani Geita, wakaokolewa wote. Agosti 2025 huko Nyandolwa, Shinyanga, walifukiwa watu 25, na wengi wao hawakurudi hai. Hao hawakuangushwa na kamba, ni ardhi iliyowaangukia. Lakini ndiyo sababu yenyewe ya kuandika: shimo likititia juu ya watu ishirini, nchi nzima husikia na viongozi huja, kamba ikimwangusha mmoja, husikia mama yake na watu wa kitongoji, na kesho yake kamba nyingine hufungwa juu ya gogo lile lile.

Wako watu wanaojitundika kambani kwa kujifurahisha tu. Karibu na Nairobi, upande wa Athi River, kuna kilima cha mawe kiitwacho Lukenya, ambako wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya, kilichoundwa mwaka 1949, wamezoea kufanya mazoezi. Wengi wetu tutacheka kusikia kwamba mtu mwenye mshahara wake huacha nyumba yake Jumapili ili akaparamie jabali. Tucheke, halafu tutazame wanavyofunga kamba.

Kabla ya mtu kugusa jiwe, kamba yake hutangulia kutiwa nanga kule juu. Nanga hiyo haiwi moja kamwe. Ni mbili au tatu, kila moja mahali pake, na kila moja yaweza peke yake kumbeba mtu, hata ikiwa ya pili imeng'oka. Hufungwa hivi kwamba zinagawana mzigo, na moja ikikatika nyingine isipokee uzito kwa kishindo. Tena huangalia pembe iliyo kati ya mikono miwili ya kamba. Ikiwa ya nyuzi 60, kila nanga huchukua sehemu 58 hivi katika 100 za uzito. Ikifika nyuzi 120, kila nanga hubeba uzito mzima, na faida ya kugawana mzigo imekwisha. Mahali kamba ipitapo juu ya ukingo mkali huwekwa kitu cha kuikinga. Mwisho, mtu asiyefunga fundo hulikagua kwa macho na kwa mikono. Mwenye kufunga hachukizwi, maana ndiyo desturi.

Hakuna hata moja katika hayo lisilowezekana Nyarugusu. Gogo juu ya duara huliwa na mchwa na huozeshwa na mvua, na udongo wa kinywani ni kifusi tu, haushiki kitu. Basi kigingi cha pili na kipigwe mbali na kinywa, penye ardhi ngumu, na kamba ya pili, isiyo ya kupandishia mawe, ifungwe kiunoni na mapajani mwa anayeshuka, ishikwe na mtu asiye na kazi nyingine. Gunia likunjwe ukingoni. Kamba ya katani iliyolowa mara nyingi huoza ndani hali nje yaonekana nzima, na ya nailoni hudhoofika kwa jua na kwa msuguano; ikichakaa na ikatwe vipande, asije mwingine akaiokota.

Mbona basi hayafanyiki? Wachimbaji wetu wengi hawalipwi mshahara. Hupata mgao wa mifuko ya mawe. Siku ya kutengeneza kamba ni siku isiyo na mfuko, kwa mwenye duara na kwa vijana pia, na kijana mwenye njaa hawezi kuwa wa kwanza kusema, "Tusimame." Mwenye duara aweza. Ndiyo maana twamlaumu yeye kuliko kijana. Tangu mwaka 2019 Geita ina soko la dhahabu, na huko gramu hupimwa kwa mizani ambayo hakuna anayethubutu kuidharau. Kigingi kinachobeba mwana wa watu hupimwa kwa jicho la mtu mwenye haraka. Amri ya tano haimkatazi mwenye panga peke yake. Yamgusa pia yule ajuaye kwamba gogo limeliwa na mchwa, naye anyamaza mpaka mifuko ijae.

Twasikia jibu: "Mungu atatulinda." Wengine, kabla ya kumwita fundi wa kamba, wamekwisha kwenda kwa mganga, na Jumapili wapo nasi kanisani, hao wanajijua. Lakini hata neno lile la kwanza, lenye sura ya imani, tulipime. Ibilisi alimweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini kwa kuwa malaika wangemchukua. Kristu alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Tena aliyekataa alikuwa Mwana, aliyewajua malaika kuliko sisi.

Wala asidhani mtu kwamba Kanisa halijui kamba. Papa Pio wa 11, angali padri, alivuka vilele vya Monte Rosa mwaka 1889, akafungwa kamba moja na wenzake, wakalala usiku mlimani. Na mwaka 1923, akiwa Papa, alimweka Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima. Wachimbaji wanaye Mtakatifu Barbara, tarehe 4 Desemba. Na katika kitabu cha kale cha baraka za Kiroma imo sala ya kubariki vyombo vya wapanda milima, na kamba zimetajwa humo.

Basi wachimbaji wakimwomba paroko aje kubariki duara jipya, aende kwa furaha. Ila akifika, kabla ya kuvaa stola, aulize kamba imefungwa wapi, tena ni ya lini. Akionyeshwa gogo moja tu, aketi kivulini na maji yake ya baraka, angoje wapige kigingi cha pili.