JE, PANYA NAYE ANA FUNGU LAKE LA CHAKULA?



Katika kikundi cha maombi kumezuka swali ambalo wengine walilicheka, lakini mimi naliona ni zito. Kijana mmoja wa hapa kambini kwetu, huku Muyinga, aliokota shambani mtoto wa panya buku, yule panya mkubwa mwenye mifuko mashavuni. Alimweka ndani ya kikapu, na kila jioni humkatia kipande cha bugari yake. Baba yake akakasirika: “Posho yenyewe haitoshi, nawe unamgawia panya?” Kule Gitega nako, familia moja ya wapendwa wetu wanaokaa mjini wana watoto wanaofuga panya weupe wawili. Hao wanapewa biskuti na sukari kila siku, mpaka wamenenepa na kuanza kuugua. Basi tunaulizwa: je, ni dhambi kumlisha panya wakati mtu ana njaa?

Tusimhukumu yule baba haraka. Mwaka 2025, ndugu zetu walipovuka mpaka kwa maelfu kutoka Kivu ya Kusini, PAM ilipunguza posho hadi nusu. Mzazi anayehesabu vikombe vya unga si mtu mkatili. Lakini tulipime jambo hili kwa Neno.

1. Mungu aliwawekea wanyama chakula chao. Someni Mwanzo 1:30. Kabla mwanadamu hajatenda dhambi, Mungu alikwisha kuwapa wanyama majani wale. Tena someni Mwanzo 6:21. Noa alikuwa anajiandaa kukimbia maangamizi, kama sisi tulivyokimbia. Mungu alimwagiza achukue akiba ya chakula kwa ajili ya jamaa yake na kwa ajili ya wanyama pia. Ile posho ya safina ilikuwa na hesabu mbili. Wengine watasema panya ni najisi, kwa maana ametajwa katika Walawi 11:29. Ni kweli, Waisraeli walikatazwa kumla. Hawakuambiwa wamtese wala wamnyime. Katika safina waliingia wanyama safi na wasio safi, na wote walikula.

2. Mtenda kazi asifungwe kinywa. Torati ilikataza kumfunga kinywa ng’ombe anapopura nafaka (Kumbukumbu 25:4). Jirani zetu Watanzania wanatuonyesha jambo hili kwa panya buku hawa hawa. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, lipo shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997. Linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya ni mwepesi, hivyo hukanyaga juu ya bomu bila kulilipua. Akipata harufu hukwaruza ardhi, na mwalimu wake humlipa papo hapo kwa ndizi au karanga. Panya hao walisaidia kusafisha nchi ya Msumbiji, ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Mmoja aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kamboja, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Alikufa Januari 2022, akiwa amegundua mabomu zaidi ya 100. Ni watoto wangapi leo wana miguu miwili kwa sababu panya alilishwa vizuri!

3. Lakini je, asiyefanya kazi? Hapa ndipo penye ugumu. Wengine watasema: panya wa Morogoro anastahili ndizi, lakini huyu wa kikapuni anatufaa nini? Wapendwa, tuwe waangalifu na neno hilo. Sisi wenyewe tumeambiwa mara nyingi kwamba tunakula bila kuzalisha. Mithali ya Waswahili yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni asiye na shamba jembe atalipiga wapi? Na wazee wetu, na vilema, na watoto wachanga, watakula kwa kazi gani? Kama haki ya kula inatokana na faida peke yake, basi tumejihukumu wenyewe. Mithali 12:10 yasema habari ya mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake. Haikuandikwa hapo kwamba ni mnyama wa faida tu.

4. Afungaye ana deni. Panya wa porini hujitafutia mwenyewe, nawe huna deni naye. Akija kutoboa gunia la posho, kumtega si dhambi. Lakini siku unapomfungia ndani ya kikapu, umemwondolea njia ya kujitafutia. Tangu hapo njaa yake iko mikononi mwako. Sisi tunaoishi kwa karatasi ya kutokea kambini tunalielewa jambo hili kuliko wengi.

5. Mtoto kwanza. Yesu alisema Baba hasahau shomoro, akaongeza kwamba sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi (Luka 12:6-7). Kwa hiyo chakula cha mtoto kisipunguzwe. Kama hakuna njia ya kumlisha panya bila kumnyima mtoto, na arudishwe porini angali na nguvu za kujitafutia. Huko nako ni kumhurumia.

Njia lakini mara nyingi ipo. Panya mweupe mzima hushiba kwa gramu 15 hadi 20 za chakula kikavu kwa siku, kama vijiko viwili. Panya buku huhitaji zaidi. Mpeni punje za mahindi au mtama, maganda ya viazi vitamu yaliyochemshwa, majani ya lengalenga, kipande cha papai, na mara moja moja ndagala mmoja. Maji safi yasikosekane. Msimpe maharagi mabichi, wala chakula chenye ukungu, kwa maana panya hawezi kutapika sumu aliyokwisha kumeza. Na ninyi wa Gitega, acheni sukari na biskuti: kumshibisha mnyama hadi augue ni kujifurahisha wenyewe tu. Watoto wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na panya asile katika sahani ya watu.

Kwa yule baba nasema: usimpige kijana wako kwa kosa la kuhurumia. Linda bugari yake, umwonyeshe mahali pa kuokota maganda. Moyo unaoona njaa ya kiumbe kidogo ndio utakaoona njaa ya jirani kesho, naye jirani huyo huenda ukawa wewe uzeeni.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.