Hasira Isiyosemwa

Watu wa Beni, mashariki mwa Kongo, walikuwa wakichinjwa kwa mapanga tangu 2014, na wengi waliona hakuna anayewajali. Agosti 2018 ilipotangazwa Ebola, barabara zikajaa magari ya wageni. Wenyeji wakauliza: siku zote hizo mlikuwa wapi? Hapo uvumi ukapata pa kukaa. Ugonjwa ni wa kubuni, chanjo ni sumu, anayelazwa anauawa.

Desemba uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo, sababu mojawapo ikitajwa kuwa Ebola. Waandamanaji wakavamia kituo cha afya Beni. Washukiwa wa ugonjwa zaidi ya 20 wakakimbia. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Aprili 19 Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kuwasaidia, akauawa kwa risasi hospitalini Butembo. Majira hayohayo wagonjwa wapya walizidi 100 kwa wiki. Chanjo ilikuwepo, tena nzuri, lakini ugonjwa ulipokoma Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Msidhani ni ujinga wa Wakongo. Mwaka 1831, huko Saint Petersburg, umati ulivamia hospitali ya kipindupindu ukaua madaktari kwa uvumi uleule wa sumu. Nasi Wanyakyusa wa Kinyala tunajua jinsi neno la gulioni linavyofika nyumbani kabla ya mwenye kwenda gulioni.

Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba wazee wetu waliamini kinyongo kilichofichwa moyoni huleta maradhi. Ndugu waliogombana walitakiwa kukitoa kwa kinywa ndipo wapatane. Beni watu walipimwa joto kwa kipimajoto kabla ya kuulizwa kinachowauma. Hilo ni kosa la wakubwa wa afya, na nalisema wazi. Lakini aliyewasha moto Katwa alimnyima kitanda jirani yake mwenyewe, na hasira yake, hata kama ilikuwa ya haki, haikumfufua hata mmoja wa waliochinjwa.

Hata hivyo, mengine yalifanywa vizuri. Shirika la ALIMA liliwalaza wagonjwa katika vyumba vya plastiki angavu, ndugu wakasimama nje, wakamwona mtu wao na kuongea naye. Waliopona wakapewa kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao wamelazwa, maana wao waliweza kuwabeba bila hofu.